Kilo 13 zimeondoka, tumbo "liko palepale": uchambuzi wa kisa kimoja

Mhusika ni mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Dar es Salaam, mama wa watoto watatu, karani anayekaa kitini saa nane kwa siku. Ni mhusika wa mfano. Hakuna mtu mmoja aliyeandikwa hapa. Kisa kimejengwa kwa mambo yanayojirudia kwa wanawake wanaopunguza uzito mijini, na hesabu zake zimepangwa zikubaliane kama zinavyokubaliana kwenye mwili wa kweli.

Urefu wake ni sentimita 160. Alianza na kilo 84, na miezi tisa baadaye mizani ilisoma 70.5. Shinikizo la damu lililokuwa 138/88 limeshuka hadi 124/80. Magauni ya zamani yanamvuka. Lakini kilio chake ni kimoja: "Nimekonda uso, nimekonda mikono, tumbo liko palepale." Na ushahidi anao. Daftari lake la nyumbani linasema tumbo lilikuwa sentimita 97 alipoanza, na sasa ni 98.

Juu ya hayo, kwa wiki nane uzito umegoma, unapanda na kushuka kati ya kilo 70 na 71.5. Alichokusudia kufanya ni kuacha kabisa chakula cha usiku, kuendelea na chai ya sanamaki, mmea wa kuharisha, kuongeza sit-apu kutoka 100 hadi 200 kwa siku, na kununua mkanda mpya wa kubana tumbo kwa kuwa wa kwanza umelegea.

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Mtu akiona tumbo halishuki, jibu la haraka ni kupunguza chakula tena. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: hilo tumbo limejaa nini, na tunajuaje kwamba halijashuka?

Kuondoa ugonjwa kwanza

Tumbo kubwa si lazima liwe mafuta. Kwa mwanamke wa umri huu uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, ni jambo la kawaida sana, na unaweza kuinua tumbo la chini hadi mtu akaulizwa ana mimba ya miezi mingapi. Dalili zake ni hedhi nzito au ya siku nyingi, kukojoa mara kwa mara, na kitu kigumu kinachoguswa juu kidogo ya mfupa wa kinena. Mafuta hulainika na kumwagika pembeni mtu akilala chali. Uvimbe hubaki mahali pake, mgumu. Kwa waliokulia Kanda ya Ziwa kuna la ziada: kichocho cha tumbo kilichokaa miaka mingi huvimbisha ini na bandama, na tumbo la hivyo haliondolewi kwa mazoezi. Maji tumboni nayo hujitokeza kwa tumbo linalokua na kukaza huku mikono na uso vikiisha.

Kanuni ya kushika ni hii: tumbo linaloongezeka wakati uzito unashuka bila mtu kukusudia, au tumbo gumu, au kushiba baada ya matonge machache tu, ni safari ya hospitali na ultrasaundi, wala si suala la lishe. Mama huyu hedhi yake ni ya kawaida, siku nne, tumbo ni laini likibonyezwa, na daktari hakugusa uvimbe wowote. Uzito wake alikusudia kuupunguza. Tukaendelea.

Futi iliyohama

Alipoulizwa anapima wapi, alijishika sehemu inayochomoza zaidi, vidole vinne chini ya kitovu. Anapima jioni akitoka kazini, akiwa amesimama mbele ya kioo. Alipoulizwa mara ya kwanza kabisa alipima wapi, hakukumbuka.

Aliyekumbuka ni fundi cherehani. Mafundi wengi huandika vipimo vya wateja kwenye daftari, na daftari la fundi ni kumbukumbu ya mwili ambayo watu huisahau. Miezi tisa nyuma aliandikiwa kifua inchi 42, kiuno 38, hips 45. Alipopimwa upya na fundi yuleyule: kifua 39, kiuno 33.5, hips 42. Kiuno cha fundi ni sehemu nyembamba, juu ya kitovu. Inchi 38 ni sentimita 96.5, karibu sawa kabisa na ile 97 ya daftari la nyumbani. Kwa hiyo kipimo cha kwanza alikichukua kwenye kiuno, na cha mwisho akakichukua kwenye kilele cha tumbo. Futi ilihama, ikabeba sentimita zaidi ya kumi, na yeye akadhani ni tumbo lililogoma.

Kwa kulinganisha kiuno na kiuno, amepungua inchi 4.5, sentimita 11.4. Kwa kilo 13.5 hilo ni punguzo la kutarajiwa. Watu wengi hupoteza karibu sentimita moja ya kiuno kwa kila kilo moja, pungufu au zaidi kidogo.

Saa nayo ina sehemu yake. Kwenye kilele hichohicho cha tumbo, alipima 98 jioni na 95.5 kesho yake asubuhi kabla ya kula. Sentimita 2.5 zilizoondoka usiku mmoja hazikuwa mafuta. Zilikuwa maharage ya mchana, maji, hewa, na misuli ya tumbo iliyochoka kumshikilia mtu aliyekaa siku nzima.

Kipimo tulichokubaliana ni kile kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho pembeni mwa mwili, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, weka alama katikati yake. Futi izunguke hapo ikiwa imelala sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuibonyeza. Miguu karibu, mikono ining'inie, toa pumzi kwa kawaida, soma mwishoni mwa kutoa pumzi. Usinywee tumbo. Asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai. Pima mara tatu, andika wastani. Rudia kila baada ya wiki mbili, si kila siku, na kwa mwanamke anayepata hedhi epuka siku chache kabla ya hedhi, maana maji hujikusanya.

Kwa njia hiyo alikuwa sentimita 88. Hapo kuna ukweli wa pande mbili na ulitakiwa kusemwa wote. Amepungua sana. Na bado yuko kwenye kizingiti: kwa wanawake sentimita 80 ndipo hatari ya kisukari na moyo huanza kuhesabiwa kuongezeka, na 88 ndipo huhesabiwa kuwa kubwa, kwa wanaume ni 94 na 102. Kuna kipimo chepesi zaidi kinachopendekezwa siku hizi: kiuno kisifike nusu ya urefu. Kwake nusu ni 80. Kwa hiyo kazi haijaisha, ila si kweli kwamba haijaanza.

Tumbo hilo limeundwa na nini

Yako mafuta ya aina mbili. Ya ndani huzunguka utumbo na ini, huwezi kuyafinya. Ya nje yako chini ya ngozi; ndiyo watu wa mjini wanayoita nyama uzembe. Mtu anapopungua, mafuta ya ndani kwa kawaida hushuka kwa haraka zaidi kulingana na wingi wake. Hayo ndiyo yenye madhara makubwa, na kushuka kwake hakuonekani kwenye kioo. Huonekana kwenye sukari ya damu na shinikizo. Kushuka kwa presha ya mama huyu kunalingana na hilo, ingawa uzito mdogo, chumvi na kutembea vimechangia pia.

Ya nje hukaidi, na ukaidi wake una sababu. Adrenalini, homoni ya mwili, ndiyo inayoiamuru chembe ya mafuta ifungue ghala. Chembe hiyo ina vipokezi vya aina mbili vinavyopokea amri hiyo: beta huharakisha mafuta kutoka, alfa-2 huyazuia. Kwa wanawake, nyonga na mapaja yana alfa-2 nyingi, na mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo nayo hutoka polepole kuliko ya ndani. Amri ni moja, mwitikio si mmoja. Uso na mikono, vyenye akiba ndogo, huonyesha mabadiliko mapema kwa kuwa hata punguzo dogo hapo linaonekana. Anayeanza na akiba kubwa tumboni ataiona ikiisha mwisho, kama vile debe lililojaa linavyochelewa kuonyesha kwamba limechotwa.

Sit-apu hazibadilishi mpangilio huo. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwafanyisha wanaume jumla ya sit-apu 5,004 katika siku 27, wakachukua vipande vya mafuta tumboni, mgongoni na kwenye makalio kabla na baada. Chembe za tumbo hazikusinyaa kuliko za sehemu nyingine. Msuli ulio chini ya mafuta hauyachomi mafuta yaliyo juu yake; mafuta huingia kwenye damu kwanza, kisha hutumika popote mwili unapohitaji.

Lakini kwa mama huyu sit-apu zilikuwa na kosa kubwa zaidi. Alilala chali, magoti yamekunjwa, akainua kichwa na mabega kidogo. Katikati ya tumbo, kuanzia juu ya kitovu, kilijitokeza kitu mfano wa mgongo wa samaki. Vidole viwili na nusu viliingia kati ya misuli kwenye usawa wa kitovu. Huo ni mwachano wa misuli ya tumbo: ukanda mweupe unaounganisha misuli ya kulia na kushoto ulinyooka wakati wa mimba na haukurudi vizuri. Nafasi inayozidi sentimita mbili hivi huhesabiwa kuwa mwachano. Mtoto wake wa mwisho ana miaka sita. Watu hudhani mambo ya uzazi yalishapita zamani.

Tumbo la namna hii huchomoza hata mafuta yakiwa machache, kwa sababu ukuta wa mbele haushiki. Huwa dogo asubuhi, kubwa jioni. Kila sit-apu ilikuwa inasukuma matumbo kwenye ule ukanda uliolegea. Maumivu ya kiuno aliyoyapata tangu aanze kuzifanya hayakuwa "dalili kwamba mafuta yanaungua", kama alivyoambiwa na wenzake wa mazoezi.

Na ngozi ipo. Ukifinya mkunjo wa chini ya kitovu na ukahisi kitu chembamba, chepesi, chenye mikunjo, hiyo ni ngozi iliyobaki. Ukihisi unene wa godoro, ni mafuta. Kwake vyote vilikuwepo: mkunjo wa sentimita kama nne, na michirizi ya mimba juu yake. Ngozi iliyonyooshwa na mimba tatu na kilo 84 hujirudi kiasi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na sehemu nyingine haitarudi. Ni bora mtu ajue hilo mapema kuliko kujinyima chakula akiisubiri.

Sanamaki na mkanda

Sanamaki huamsha utumbo mpana. Chakula kikifika huko, wanga, mafuta na protini vyake vimeshanyonywa karibu vyote kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na kinyesi, pamoja na madini ya potasiamu ambayo moyo na misuli vinayahitaji. Mizani hushuka kilo moja kesho yake na kurudi keshokutwa. Anayeitumia wiki kwa wiki huishia na utumbo wenye gesi na choo kigumu akiiacha, na tumbo linajaa kuliko mwanzo. Alikuwa akiinywa mara tatu kwa wiki. Ilisimamishwa siku ileile, na aliambiwa mapema kwamba siku kumi za mwanzo tumbo lingejaa kidogo.

Mkanda wa plastiki hutoa jasho. Jasho ni maji. Uutofautishe na mkaja. Mama zetu walifunga tumbo kwa kanga baada ya kujifungua kumshika mzazi mgongo na tumbo wakati misuli imelegea, na kazi hiyo ina maana yake kwa majuma ya mwanzo. Mkaja haukuwahi kuwa dawa ya mafuta ya miaka sita baadaye, na kubana kupita kiasi husukuma mzigo chini, kwenye misuli ya nyonga iliyokwisha kudhoofishwa na uzazi.

Wiki nane za kukwama

Kwa mwili wake wa sasa anatumia karibu kalori 1,900 kwa siku. Tulimwomba aandike kila anachokula kwa siku saba bila kubadilisha chochote. Jumatatu hadi Ijumaa: chai ya rangi tupu asubuhi, mchana ugali wa unga gramu 100 hivi na samaki wa kukaanga na mboga, alasiri karanga viganja viwili akiwa mezani, usiku tikiti na tango. Jumla kama 1,250. Jumamosi na Jumapili: chapati mbili na supu, sherehe ya mtu, pilau, kuku wa kukaanga, soda mbili, chipsi mayai wakati wa kurudi. Jumla kama 3,100 kwa siku.

Hesabu: siku tano mara 1,250 ni 6,250. Siku mbili mara 3,100 ni 6,200. Jumla 12,450, wastani 1,780 kwa siku. Upungufu halisi ni kalori 120 tu. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700, kwa hiyo alikuwa anapoteza takriban gramu 110 kwa wiki, chini ya kilo moja kwa wiki zote nane. Chumvi ya pilau na chipsi peke yake inaweza kushika maji ya zaidi ya kilo moja. Punguzo lilikuwepo, limefichwa na maji, na yeye akaamua kwamba mwili wake "umegoma".

Wikiendi yake isihukumiwe kuwa ulafi. Mtu aliyekula matunda kwa chakula cha usiku siku tano atafika Jumamosi na njaa ya siku tano. Kuondoa kabisa chakula cha usiku, kama alivyokusudia, kungeongeza njaa hiyo.

Mpango ulianza kwa kumwongezea chakula. Wiki mbili za kula karibu 1,900 kila siku, siku zote saba. Alionywa kwamba mizani ingepanda hadi kilo moja na nusu, maana wanga unaorudi kwenye misuli na ini huhifadhiwa na maji yake, kama gramu tatu za maji kwa gramu moja. Ilipanda kilo 1.1. Bila onyo lile angeacha siku ya nne.

Baada ya hapo, 1,550 hadi 1,600, Jumapili sawa na Jumanne. Siku moja ilikuwa hivi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha gramu 150, chai yenye nusu kikombe cha maziwa bila sukari. Mchana ugali wa unga gramu 80, maharage kikombe kimoja, mchicha wenye dagaa wakavu gramu 20 na vijiko viwili vya chai vya mafuta. Saa kumi mtindi kikombe kimoja. Usiku samaki wa kuchoma gramu 120, wali kikombe kimoja, kachumbari. Protini inakaribia gramu 94, kama 1.3 kwa kila kilo ya uzito, na hiyo ndiyo inayolinda misuli isiende pamoja na mafuta. Kwenye sherehe anakula pilau sahani moja na nyama, anakunywa maji, na haombi radhi kwa mtu.

Kitu kilichotaka uangalizi kuliko vyote ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Anayemimina kutoka kwenye chupa kwa macho humimina vijiko vitatu akidhani ni kimoja. Karanga vilevile: viganja viwili, gramu 60, ni kalori 340, zaidi ya ugali wake wa sasa wa mchana.

Mazoezi: sit-apu ziliachwa. Badala yake, kila siku alilala chali magoti yamekunjwa, akatoa pumzi polepole huku akivuta tumbo la chini kuelekea mgongoni, akashikilia sekunde tano hadi nane huku akiendelea kupumua, mara kumi. Kisha kutelezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha, mara kumi kila mguu. Ule mgongo wa samaki ukitokea, zoezi ni zito mno kwa siku hiyo. Rudi nyuma hatua moja. Siku tatu kwa wiki aliongeza kuchuchumaa hadi kwenye kiti na kusimama, kuinua ndoo yenye lita kumi za maji kwa kukunja nyonga mgongo ukiwa umenyooka, na kusukuma ukuta; kila moja seti tatu za mara kumi. Kutembea dakika 40, siku tano.

Jicho lililobaki kwenye kilo 84

Sehemu hii ndiyo iliyoamua kisa, na ndiyo isiyopewa muda katika ushauri mwingi wa kupunguza uzito.

Alipewa kamba, akaambiwa atengeneze sakafuni duara linalolingana na kiuno chake, bila kujipima. Kisha akaambiwa afanye vivyo hivyo kwa ndoo ya lita 20 iliyokuwa mbele yake. Ndoo aliikosea kwa sentimita tatu. Kiuno chake alikikadiria 104, wakati ni 88. Kamba ya ndoo ina umuhimu wake: watu wengi huzidisha wanapokadiria mzingo, na bila kitu cha kulinganisha usingejua kama tatizo ni la kukadiria au la kujiona. Yeye macho yake yanakadiria vizuri. Yanakosea kwenye mwili wake tu. Na 104 haikuwa namba ya bahati: imezidi hata kiuno alichokuwa nacho siku ya kwanza.

Hali hii inafahamika. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walilinganisha wanawake wanene, waliowahi kuwa wanene, na ambao hawakuwahi. Waliowahi kuwa wanene waliendelea kuuwaza unene kwa kiasi kinachofanana na cha walio wanene bado. Kwa Kiswahili tungeyaita mafuta hewa: hayapo mwilini, lakini yanalipwa mshahara kila siku.

Kwake yalikuwa yanalishwa na mambo matatu. La kwanza ni pembe ya kutazama. Mtu akijitazama tumbo kwa kuinamisha kichwa, analiona kutoka juu, karibu na jicho, likifunika mapaja. Hakuna mwili unaoonekana mwembamba kutoka hapo. Alikuwa akifanya hivyo na kujifinya mara nyingi kwa siku, hasa akikaa, wakati ambapo tumbo la kila mtu hukunjika. La pili ni nguo. Alivaa madera, na kila aliposhonesha gauni alimwambia fundi aache nafasi tumboni. Fundi aliacha inchi tatu. Kwa miezi tisa hakuna nguo mpya iliyomwambia mwili wake umefika wapi.

La tatu ni maneno ya watu. Huku kwetu kunenepa kumekuwa sifa ya siha na maisha mazuri, na kukonda kumebeba hofu ya miaka ya Ukimwi. Alipopungua uso, kazini waliuliza "Unaumwa?", na shangazi yake akamwambia amechakaa. Wachache waliomsifu walimaliza kwa "bado tumbo tu". Mtu anayeambiwa kwamba amekwisha na kwamba tumbo limebaki, kwa siku moja, atajiona hivyohivyo: mwembamba mahali pabaya na mnene mahali pabaya. Alishauriwa kuandaa jibu moja fupi na kulirudia kwa wote: "Nimeamua kupungua kwa ajili ya presha, na presha imeshuka." Kwa shangazi, aongeze salamu na aseme kwa upole, "Shangazi, nala vizuri, daktari ameniona."

Kwa jicho, kazi ilikuwa hii. Picha kila baada ya wiki nne: simu juu ya meza ya urefu uleule, hatua tatu mbali, mbele na ubavuni, nguo ileile ya kubana, asubuhi. Picha mpya haitazamwi peke yake. Hutazamwa kando ya ile ya kwanza. Kujifinya na kujitazama kwa kuinama kulipunguzwa hadi mara moja kwa siku, kisha kukaachwa. Suruali moja ya jinzi isiyovutika ilijaribiwa kila wiki mbili, siku ya kipimo. Na fundi aliombwa ashone gauni moja kwa vipimo halisi, nafasi inchi moja.

Upo mpaka ambapo jambo hili linahitaji mtaalamu wa afya ya akili na si mshauri wa lishe: mtu akianza kujitapisha, kuficha chakula, kukataa kula mbele ya watu, hedhi ikikatika, au wazo la tumbo likichukua saa nzima au zaidi ya kila siku. Sanamaki mara tatu kwa wiki ilikuwa karibu na mpaka huo. Kwa sababu hiyo aliulizwa kuihusu kila alipokuja, bila kukemewa.

Wiki ya 14

Uzito kilo 67.2. Kiuno kwa kipimo kilekile sentimita 83.5. Kilele cha tumbo asubuhi 91, kutoka 95.5. Mwachano wa misuli vidole viwili, na ule mgongo wa samaki hautokei tena kwenye kutelezesha kisigino, ingawa unatokea akiamka kitandani kwa pupa. Anaendelea kufundishwa kugeukia ubavu kwanza. Maumivu ya kiuno yameisha. Wikiendi mbili kati ya kumi na mbili zilivuka kiasi, na hakuna iliyofidiwa kwa kufunga kula.

Kamba ya kiuno: 91. Bado amezidisha, kwa sentimita 7.5 badala ya 16. Mkunjo wa chini ya kitovu upo, mwembamba zaidi, na ngozi yake ni laini kuliko zamani. Hajaupenda. Anasema anauona unapopaswa kuonekana, akioga, na hauoni tena akiwa mezani kazini.

Zimebaki sentimita tatu na nusu kufika nusu ya urefu. Kwa mwendo huu ni miezi miwili na nusu hivi, na uamuzi ulikuwa kutoanza mara moja: wiki sita za kula kwa kiasi cha kudumisha uzito, karibu kalori 1,850, misuli ifanyiwe kazi, na jicho lipate muda wa kuufikia mwili ulipo. Gauni la fundi, lenye kiuno inchi 32.5 na nafasi ya inchi moja, alilivaa kwenye harusi ya mdogo wake. Kipimo kinachofuata ni Jumamosi ya pili baada ya hedhi, asubuhi, kabla ya chai.